Namna ya Kuishika Goa Kutoka Bwiza

Nyinyi mnaotengeneza simu kwenye kibanda changu cha zamani pale Bwiza mnanichekesha. Simu ikikataa kuwaka mnaipuliza, mnaipasha moto, mnaitazama kwa lile jicho la kioo, kisha mnamwambia mwenyewe: imekufa, nunua nyingine. Imekufa! Mimi katika umri wangu wote wa kazi sikumwambia mteja kwamba redio yake imekufa. Nilimwambia inaumwa, aje Ijumaa. Ijumaa akija, namwambia imeanza kunywa uji.

Jina langu Mwamini, na nilikuwa fundi wa redio. Najua hamkulijua hilo, kwa sababu hata wateja wangu walichelewa kulijua. Mtu alikuwa anaingia na redio kwapani, ananiona nimekaa pale na kitenge changu, anauliza, "Fundi iko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikaona hasira hazina faida, nikawa najibu kwamba fundi katoka kidogo, aache redio. Nikimaliza kuitengeneza namrudishia na kumwambia fundi anamsalimia. Kuna wazee wa mtaa jirani wa Buyenzi waliokufa wakiamini kwamba Bwiza kuna fundi hodari sana asiyekaa kibandani.

Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, Mzee Ramazani, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira nyingi, lakini hasira zake zilikuwa za vyombo tu, hazikuwa za watu. Siku yangu ya kwanza peke yangu kibandani nilifungua redio ya jirani iliyokuwa inakwaruza. Ndani nikaona vikopo vidogo vya bati, na katika kila kikopo skrubu ya rangi yake: moja ya manjano, moja nyeupe, moja nyeusi. Nikazigusa, zote zimelegea. Nikasema moyoni, kumbe huyu anayejiita fundi ni mzembe namna hii! Nikachukua bisibisi nikazikaza zote barabara, mpaka mwisho.

Mjomba aliporudi kutoka kuswali aliiwasha, akazungusha kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho. Kimya. Hata kukwaruza hakukuwapo.

"Hii umeifanyia nini?" akauliza.

"Nimeikaza, mjomba. Ilikuwa imelegea yote."

"Basi imepata amani," akasema. "Haimusikie mutu tena."

Zile skrubu, wanangu, ndizo zinazoifundisha redio kuchagua sauti moja kati ya nyingi, na zimelegea kwa sababu zinatakiwa kulegea pale pale zilipo. Alizirudisha moja moja, kwa kijiti alichokichonga kutoka kwenye kitana cha pembe, maana chuma chenyewe kinaiharibu ile hesabu ukikisogeza karibu. Alifanya kazi ile hadi alasiri imeingia, na hakunitukana hata mara moja, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Kile kijiti ninacho mpaka leo. Mkikitaka njooni, lakini simu zenu hazina mahali pa kukitumia.

Sasa, mjomba alikuwa na ugonjwa mmoja, na akaniambukiza. Ugonjwa wenyewe ni kushika stesheni za mbali. Siyo zile za masafa mafupi, ambazo hata mtoto anazipata. Yeye alitaka zile za mkanda wa kati, ule ulioandikwa PO kwenye redio zetu, ambao stesheni zake zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa mji wao na wala hazijui kama sisi tupo. Mtangazaji anasoma bei ya samaki kwa ajili ya wake wa wavuvi wa huko kwao, ng'ambo ya bahari nzima, na wewe umekaa Bwiza, Bujumbura, unamsikia. Mjomba alikuwa anasema kuwa anayesikiliza redio iliyotumwa kwake ni mgeni aliyealikwa, lakini yeye anapenda kusikiliza dirishani.

Namna yake ni hii, na msicheke. Mchana jua linayala mawimbi yale, hayafiki mbali. Jua likizama, mbingu inageuka dari, na sauti inagonga dari na kurudi chini, inagonga tena na kurudi, hadi inakufikia. Kwa hiyo unatakiwa kufikiri giza liko wapi. Jioni, jua likianza kuzama ziwani kwetu, upande wa mashariki tayari ni usiku. Ndipo zinapokuja stesheni za ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Alfajiri mambo yanageuka, magharibi bado kuna giza, ndipo inapokuja Brazil. Vijana wa Bwiza walikuwa wananiamsha alfajiri kwa ajili ya Brazil, wakidhani watasikia mpira. Mara zote tulizoishika alikuwa padri akisalisha rozari. Vijana wakawa wanasikiliza hivyo hivyo, kwa heshima, hata wale Waislamu.

Waya wa antena unautandika juu ya bati, mrefu kadiri ulivyo nao, ukielekea kule unakotaka kusikia. Na muhimu kuliko waya ni udongo: unachimbia chuma ardhini, unakifunga kwenye redio, na udongo ule uwe umelowa. Kiangazi nilikuwa natoka na ndoo kila jioni kumwagilia kile chuma. Wapita njia wakawa wanauliza, "Mwamini, we unapanda nini hapo?" Nikiwajibu kwamba nainywesha redio, wanaondoka haraka.

Haya yote nawaeleza ili muelewe tulivyokuwa siku ile walipomchukua Kaitani.

Kaitani alikuwa fundi cherehani, ukuta wake na wangu mmoja. Baba yake alikuwa Mgoa, Mhindi wa ng'ambo ya bahari, aliyekuja na cherehani yake kupitia Kigoma wakati wa Wabelgiji, akawashonea wazungu suti, akaoa hapa hapa, akazikwa hapa hapa. Kaitani mwenyewe hakupata kuvuka hata mto wa Rusizi, lakini ukimwuliza kwao ni wapi anakujibu: Goa. Alikuwa na mke mmoja, Mama Roza, mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi wa kutoa, na alikuwa na tabia moja ambayo mafundi cherehani wote wanayo: pini zilikaa mdomoni mwake mchana kutwa. Akikupima suruali anaongea na wewe huku zimebanwa midomoni, na wewe unajikaza usicheke.

Mjomba alipofariki aliniachia redio yake kubwa, ya sanduku la mbao. Ndipo Kaitani akaanza kuja kila jioni. Mara ya kwanza ilikuwa bahati tu. Nilikuwa nazungusha polepole, nikapita kwenye sauti ya mwanamume anayesoma kitu, nyembamba, inakuja na kurudi nyuma. Kaitani alikuwa anafunga duka lake. Akaacha kufuli linaning'inia akaingia.

"Rudisha," akasema. "Rudisha hapo. Hiyo ni Goa."

"Umejuaje?"

"Ile ni luga ya baba."

Kuanzia siku hiyo tukawa watu wa Goa. Jua likikaribia ziwa, mimi na ndoo yangu, yeye na kiti chake. Anakaa, anaegemeza sikio kwenye kitambaa cha spika, na yule mtangazaji akisema, Kaitani anatikisa kichwa: "Ee. Ee. Ee." Jirani akiuliza wanasema nini, anajibu, "Mambo ya kwetu kule." Basi, tunaridhika. Hatukuwa na muda mwingi, kwa sababu saa ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia na kila mtu alitakiwa awe ndani kwake. Na tulikuwa tumechoka na redio za karibu. Kila moja ilikuwa inatuambia nani ameua nani, na jinsi kosa lilivyokuwa la wafu wenyewe. Goa haikutuambia chochote. Ilitupendeza sana.

Mwaka huo majirani zetu wa nchi zote walikuwa wametufungia mipaka, ndiyo ile tuliyoita ambago. Betri zilipotea mjini. Nilikuwa nakusanya betri za kufa kutoka nyumba zote, naanika juani juu ya bati, kisha nazipanga nyingi ndani ya bomba moja la mwanzi. Wafu wengi wakishikana mikono wanatoa mgonjwa mmoja, na mgonjwa mmoja anatosha kuendesha redio kwa robo saa. Waya wa shaba niliufungua kutoka kwenye mota ya kinu iliyoungua. Nikautandaza kutoka bati langu hadi bati la Kaitani na kuupitisha hadi mti wa umeme uliokuwa haufanyi kazi, ukielekea mashariki.

Hapa kuna jambo sikulifikiria, na nyinyi mngelifikiria, kwa kuwa mnajua mambo yalivyoishia. Bujumbura ukielekea mashariki, kabla ya bahari yoyote, kuna milima. Na milimani mwaka ule kulikuwa na waasi.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoponzwa na pini. Sisi kwa Kiswahili chetu stesheni tunaishika. Nimeshika Brazil, umeshika nini jana, leo hatushiki kitu. Na wenye bunduki nao, kwa Kiswahili hicho hicho, wanashika: wameshika kilima, wameshika daraja. Hatukuwa na neno jingine. Asubuhi moja Kaitani alikuwa anampima suruali mteja ambaye hatukumjua, mtu mpole aliyependa kuuliza maswali. Nilikuwa nasikia kila kitu kupitia ukutani. Kaitani alikuwa na furaha, maana jana yake Goa ilikuja wazi kuliko siku zote. Akamwambia mteja, pini zikiwa midomoni, "Jana tumeshika Goa! Vizuri kabisa. Na leo jioni, Mungu akipenda, tunashika tena."

Jaribuni wenyewe. Baneni midomo kama aliyeshika pini, mseme Goa. Nimelijaribu mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara linatoka Goma.

Goma ni mji wa watu, ng'ambo ya Kivu, na wakati huo kila mtu alikuwa ananong'ona kwamba vita inaelekea huko. Yule mteja mpole hakurudi kuchukua suruali. Mchana ule ule lilikuja gari, wakashuka wanajeshi, wakamchukua Kaitani pamoja na waya wangu, wameuzungusha mkononi vizuri kabisa, kazi ya watu waliofundishwa. Redio hawakuichukua kwa sababu nilikuwa nimeifungua, na mbele yangu kulikuwa na vipande tu. Mmoja aliuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia katoka kidogo. Kwa mara ya kwanza swali lile lilinifaa.

Mama Roza alikuja kwangu mikono mitupu, hata kanga ya pili hakuvaa.

"Wamemubeba, Mwamini. Wanasema yeye ndiye anaita wale wa milimani. Wanasema ameshika Goma. Kaitani! Ile mutu inaogopa hata kuku!"

"Wamemupeleka wapi?"

"Kule ku depo, Quartier Industriel. We unajua, wale wanapelekwa kule..." Mwaka ule mtu akipelekwa mahali kama pale, nyumbani walikuwa wanaanza kuazima viti vya matanga kabla habari haijafika. Nilimpenda yule mwanamume kama kaka yangu, nami ndiye niliyemfungulia Goa. Niliogopa. Nikairudishia redio vipande vyake na mgongo wake, nikaibeba kichwani pamoja na bomba la betri, nikaenda.

Depo ile ilikuwa ghala la mtaa wa viwanda, karibu na bandari, ambalo wanajeshi walikuwa wamepanga. Upande wa magharibi ziwa, upande wa kaskazini kiwanda, ukuta kwa ukuta. Niliwaambia walinzi kwamba nimeleta ushahidi. Neno ushahidi wanalipenda, wakaniingiza.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumweleza mkubwa wao, waliyemwita Komanda, tofauti ya redio inayosikia na redio inayosema. Nilikuwa na mifano ya sikio na mdomo, tena mizuri. Aliniacha nimalize, kisha akasema:

"Mama, mi nilisoma mambo ya transmission. Hii ni récepteur. Haitumi kitu. Nimeona hata ile waya, haikufungwa ku kitu cha kutuma."

"Basi, Komanda, mutu wetu hana kosa."

"Ngoja. Mutu hana radio ya kutuma, sawa. Lakini anasikia. Anasikia kila jioni, saa ile ile, luga yenye hakuna mutu mu Bwiza anaijua, waya inaelekea ku milima. Kusikia ndiyo kupokea maagizo. Mi nataka kujua maagizo ni gani."

Nikaona ana akili, nikazidi kuogopa. Ningekutana na mjinga ningemshinda.

"Ni Goa, Komanda. Ni mambo ya kwao. Jua likizama utasikia mwenyewe, na Kaitani atakutafsiria."

"Sawa," akasema. "Akitafsiri na nikaona iko sawa, mutarudi wote. Ikiwa apana, mutabaki wote."

Alivyosema wote, alinitazama mimi.

Nikaketi uani nisubiri jua. Na sasa muone mambo ya dunia. Wiki nzima mji ulikuwa hauna umeme, kwa sababu nguzo zilikuwa zimeangushwa kule juu. Jioni ile, saa ile, umeme ukarudi. Mji mzima ukapiga vigelegele. Watu wakawasha taa wakacheza barabarani, na kile kiwanda cha ukuta wa pili, ambacho kilikuwa kimelala, kikaamka na mashine zake zote. Niliwasha redio: mkanda mzima, mwanzo hadi mwisho, ni ngurumo ya mota. Nadhani mimi ndiye mtu pekee Bujumbura aliyeomba Mungu auzime umeme tena.

Komanda akaleta ule waya wangu. "Funga antena yako."

"Apana, Komanda, uweke mbali."

Hili mlishike hata kama hamtalitumia. Mahali penye kelele waya mrefu ni adui, unazoa kelele zote za jirani. Ndani ya redio kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa nyuzi, na kile kijiti kinasikia kwa ubavu wake, hakisikii kwa ncha. Kwa hiyo huitafuti stesheni. Unamtafuta adui, na unamwonyesha ncha. Nikaiinua redio nikaigeuza kidogo kidogo juu ya sanduku la risasi walilonipa liwe meza. Ngurumo ikapungua. Nikageuza tena, ikarudi. Nikarudisha nyuma, unywele tu. Ncha ilipokitazama kiwanda sawasawa, mota zilizama zote kwa mpigo, kukabaki mvumo mdogo wa hewa tu. Na ubavu wa redio ulikuwa unatazama mashariki, kwenye milima ile ile.

Jua likazama ziwani. Nikazungusha. Hakuna kitu. Nikazungusha tena. Kijasho kikanitoka hata chini ya macho. Wanajeshi wawili watatu walikuwa wamekuja kusimama karibu, mmoja na sahani yake ya maharage.

Mtangazaji wetu akaja. Kwanza kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu, kisha sauti yenyewe, ya mwanamume yule yule.

"Muleteni," akasema Komanda.

Kaitani aliletwa akishika suruali kwa mikono miwili, maana walikuwa wamemnyang'anya mkanda. Fundi cherehani mzima, anashikilia suruali. Alikuwa amevimba upande mmoja wa uso. Aliponiona aliona aibu, na aliposikia redio aliisahau aibu. Akapiga magoti karibu na spika, akaanza, "Ee. Ee."

"Anasema nini?" Komanda akauliza.

"Ee," akasema Kaitani.

"Ee nini? Nitafsirie."

Kaitani akainua uso. Akanitazama mimi, akamtazama Komanda, akaitazama redio. Mtangazaji anaendelea na mambo yake. Nilimkazia macho nikamwombea kimyakimya: sema, Kaitani, sema bei ya nazi, sema mvua.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Luga hii mi siijui, Komanda. Hata neno moja."

Wanangu! Jioni zote zile! Kichwa kinatikisika ee, ee, mambo ya kwetu kule, na mimi namwagilia chuma kwa ndoo! Ningekuwa na kitu mkononi ningempiga nacho mbele ya jeshi zima.

"Sasa unasikiliza nini kila siku?" Komanda akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilitisha zaidi.

"Baba hakunifundisha," akasema Kaitani. "Alisema mutoto wa hapa ajifunze za hapa. Lakini jioni marafiki wake walikuwa wanakuja, wale wenye kushona kama yeye, wanakaa ku chumba ya pili wanaongea hii luga. Mi nimelala ku mukeka, nawasikia ku ukuta. Nalala usingizi vile wanaongea. Sasa hii ikiongea, naona kama wako pale ku chumba ya pili, hawajaenda." Akafuta pua kwa bega, maana mikono ilikuwa na kazi. "Na ile ee... baba akiita, mutoto anaitika. Basi, naitika."

Yule mwenye sahani aliacha kutafuna.

Komanda alisikiliza hadi mtangazaji akamaliza na mwanamke akaanza kuimba. Mwisho akasema, "Mupe mukanda wake."

Mimi na ulimi wangu, badala ya kushukuru nikauliza, "Kwa nini, Komanda?"

"Mama, jasusi angekuwa na tafsiri," akasema. "Angekuja nayo tayari, tena nzuri. Hakuna mutu anaweza kutunga uongo mubaya namna hii." Kisha akaweka mkono juu ya sanduku la mbao. "Radio inabaki. Uchunguzi bado."

Tulirudi Bwiza mbiombio, kabla ya saa ya kufungwa, mjini taa zinawaka kila mahali kama sikukuu. Njia nzima nilimgombeza. Nilimwita mwongo, nilimwita bubu, nilimwuliza kama anajua ndoo moja ya maji ina uzito gani. Yeye alitembea akishika mkanda wake ingawa sasa ulikuwa umefungwa. Tulipofika kwake Mama Roza alimpiga kofi, kisha akamshika akalia, na mimi nikaenda kwangu nikalia peke yangu. Sikuwahi kujua kama nina machozi mengi hivyo.

Hadithi ingeishia hapo kama isingekuwa Goma. Maana majuma machache baadaye, kweli kabisa, Goma ikashikwa. Tulisikia kwenye redio za karibu. Bwiza nzima ikageuka kumtazama Kaitani. Watu waliokuwa hawajashonesha nguo tangu ambago ianze walikuja na vitambaa, wakapimwa, kisha wakanong'ona, "Fundi, na baada ya Goma je?" Mama Roza yeye hakucheka. Alifunga nguo za mume wake ndani ya kitambaa, shati, sweta, sabuni, akaziweka mlangoni. Mara hii, alisema, asiende mikono mitupu.

Na mchana mmoja mwanajeshi akaja kweli, peke yake, kwa miguu. Mtaa ukafunga milango. Mama Roza akachukua kile kifurushi akasimama nacho. Mimi nikatoka kibandani bila kujua natoka kufanya nini.

"Kaitani ni nani?"

"Ni mimi."

Yule kijana akakuna shingo chini ya kofia. Nikamtambua: ndiye aliyekuwa na sahani ya maharage.

"Komanda anauliza," akasema, "ile Goa yako inashikwa namna gani? Sisi tunazungusha, inapiga kelele tu."

Jioni hiyo tulikwenda pamoja, mimi na Kaitani. Kuingia hakutaka. Miguu ilikataa kwenye lango, na mimi sikumlazimisha, kwa sababu yangu pia haikuwa na hamu. Tukazunguka tukasimama nje ya ukuta, upande wa ziwa, kwenye nyasi. Kutoka ndani tukasikia redio ya mjomba ikinguruma mota za kiwanda, na wanajeshi wakibishana kwa Kirundi. Nikafungua mdomo niwaelekeze, fundi ni mimi. Lakini Kaitani alikuwa ameshaweka mikono mdomoni.

"Geuza!" akapiga kelele juu ya ukuta. "Geuza kidogo! Apana, ku mukono ya kuume! Polepole! Rudisha... rudisha... Basi. Acha hapo!"

Na wakaacha hapo. Akakaa kwenye nyasi, mgongo ukutani, na upande wa pili yule mwanamume wa Goa akaanza kusoma.

"Ee," akasema Kaitani.